Mbwa Aitwaye Rudisha

"Mama Ida, hilo jina la mbwa ulimpa wewe, au alikuja nalo?"

Danieli aliniuliza hivyo mwezi wa sita, juu ya uzio wa mabanzi unaotenganisha kiwanja chake na changu hapa mtaa wa Ramadhani, Njombe. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujainuka. Alikuwa na randa mkononi, na vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi kama mtu aliyemwagiwa unga. Nilimwangalia kwanza. Mimi huwa sikimbilii kujibu.

"Alikuja nalo," nikamwambia.

"Kwa hiyo ni jina tu."

"Ni jina tu, Baba Janeth. Kwani wewe ulidhani ni nini?"

Akacheka kicheko kifupi, akarudi karakanani kwake. Nilisubiri mpaka nikasikia randa imeanza tena kuvuta. Hapo nikageuka, nikaita kwa sauti ambayo hata sokoni wangeisikia: "Rudisha! Wewe Rudisha! Nasema Rudisha!"

Randa ikanyamaza.

Marehemu mume wangu Elius alikuwa mpasua mbao. Alipasua miaka mingi kule Matembwe, na katika mti mmoja wa mpodo, mti mkubwa ulioangushwa na upepo, alitoa mbao kumi na mbili akakataa kuziuza. Alizileta nyumbani akazipandisha darini. Sita zake, sita zangu. Kwenye ncha za zake alichonga mikato miwili kwa patasi, kwenye zangu mikato mitatu, ili zisichanganywe. Watu walimcheka. "Mzee, safari bado, mbona umeshafunga mizigo?" Naye akawajibu, "Nimewapasulia wengi mbao za masanduku yao. Mke wangu hatalala kwenye paini mbichi."

Basi hilo ndilo neno la mapenzi nililopewa mimi. Wengine hupewa vitenge.

Elius alifariki miaka mitatu iliyopita, wakati wa mvua. Danieli ndiye aliyetengeneza jeneza. Ni fundi mzuri, sitamnyima haki yake. Tena ni jirani, tena ni kiongozi wa kwaya yetu, na siku ile nilimpa ufunguo wa dari bila kufikiri mara mbili. Jeneza lilipoletwa nilikaa kando yake mchana kutwa, nimeinamisha kichwa. Watu walidhani nasali. Nilikuwa nasali, na nilikuwa nahesabu. Mbao sita. Mikato miwili, miwili, miwili.

Tulipomaliza matanga nikapanda darini mwenyewe. Hapakuwa na ubao hata mmoja. Kulikuwa na buibui tu.

Nilimuuliza siku ya sala ya jumuiya, mbele ya watu, kwa upole. "Baba Janeth, zile mbao nyingine uliziweka wapi?"

Hakupepesa jicho. "Mama, zote ziliingia. Marehemu alikuwa mrefu."

Elius alikuwa ananifikia begani! Lakini mfiwa akibishana juu ya vipimo vya jeneza, watu husema uchungu umemchanganya. Walinitazama kwa huruma, mmoja akanishika mkono. 

Mwaka uliofuata Danieli akamaliza nyumba yake mpya, akaalika jumuiya kwenda kuiombea. Mvua ilikuwa imenyesha, tukavua viatu mlangoni. Nilipoinama kufungua kamba ya kiatu, macho yangu yakawa sawa na sehemu ya chini ya mlango. Mlango mzuri, umepakwa vanishi, unang'aa kama chai ya rangi. Na pale chini, kwenye ncha za mbao, vanishi imeingia ndani ya mikato. Mitatu, mitatu, mitatu.

Nikavua na kiatu cha pili. Nikaingia, nikaomba pamoja nao, nikala wali wao.

Utaniuliza kwa nini sikusema palepale. Ningemwambia nani? Shahidi wangu amelala kwenye zile sita nyingine. Na ukweli wenyewe, sikutaka mlango. Ningeudai kwa kulia angenipa, tena angetangaza kanisani kwamba amemsaidia mjane. Nilichotaka ni aseme mwenyewe, kwa mdomo ule ule, mbele ya watu wale wale alioniambia mbele yao kwamba mume wangu alikuwa mrefu. Nililiweka hilo moyoni kama mtu anavyoweka moto chini ya majivu. Asubuhi nasali, jioni nasali, na katikati nalipuliza.

Mwezi wa nne mwaka huu akafa mjomba wangu Clemens, kule Kitandililo, Makambako. Baada ya maziko watoto wake wakagawana vitu, kikabaki kitu kimoja kisicho na mwenyewe: mbwa mzee, wa rangi ya majani makavu, ndevu nyeupe, mwenye miaka kumi na moja. Wangempeleka wapi? Mmoja akasema apigwe rungu yaishe.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Rudisha."

Wakanieleza huku wakicheka. Jirani wa mjomba aliazima toroli, akakaa nalo. Mjomba hakwenda kugombana. Alichukua mtoto wa mbwa, akampa jina, akawa anamwita kila siku jirani akiwepo. Sisi ndivyo tulivyo. Tukishindwa kumwambia mtu, tunamwambia mbwa.

"Na toroli lilirudi?"

"Jirani alikufa nalo, dada. Lakini hakulitumia hata siku moja kwa raha."

Nikasema, "Mbwa huyu nitamchukua mimi."

Nilirudi naye Njombe kwenye kenta iliyokuwa imeshusha viazi Makambako. Njiani dereva alipiga honi kwa nguvu mpaka mimi mwenyewe nikaruka. Rudisha hakutikisa hata sikio. Nikasema moyoni, mbwa mtulivu huyu, nimepata baraka.

Baraka! Siku ya kwanza alibweka tangu kunapambazuka mpaka chai ya saa nne. Aliubwekea ukungu, akaubwekea ukuta wa choo, akaibwekea kanga yangu kwenye kamba, na vyote vilipokwisha akakaa akabweka bure, akitazama mbele, kama mtu anayesoma tangazo. Sauti nzito, moja moja, haina mapumziko. Nilimpa ugali, akala, akabweka. Nilimkemea, akabweka. Nilimfungia stoo, ndiyo akazidisha.

Upande wa pili wa nyumba yangu anakaa Paskalina, Mkatoliki, mwanamke wa maneno. Alikuja siku ya tatu ameshika masikio.

"Kamwene, Mama Ida."

"Kamwene, mama."

"Jamani, umeleta mbwa au umeleta mwinjilisti? Maana anahubiri bila nukta."

"Nivumilie, dada yangu. Mgeni huyu."

"Ninavumilia. Kuku wangu ndio wanaomba uhamisho."

Nilicheka kwa aibu. Siku hiyo hiyo nikampigia simu Bwana Shedrack, bwana mifugo, ambaye ni mtu mpole. Alikuja, akamwangalia mbwa meno, akamwangalia macho. Kisha akasimama nyuma yake, akapiga makofi. Mbwa hakugeuka. Akapiga filimbi ya vidole. Hakugeuka. Akapiga mguu chini, na mbwa akageuka mara moja, akatikisa mkia.

"Mama, huyu ni kiziwi," akasema. "Uzee. Hajisikii mwenyewe, ndiyo maana hajui kama kelele zimezidi. Tena ana hofu. Amepoteza bwana wake, nyumba haijui, na watu wanamtokea ghafla kama mizimu."

"Mjomba alikuwa anamwita kwa jina."

"Mwisho mwisho alikuwa anapiga fimbo chini, nina hakika. Wewe fanya hivyo hivyo. Gonga ardhi, atahisi kwa miguu. Mguse begani taratibu. Malazi yake yaweke anapoliona geti, ili asishtuke. Mlishe saa zile zile, mtembeze kidogo achoke. Akinyamaza, hapo ndipo umpe kipande cha nyama, siyo akibweka. Atatulia. Ila kumwita kwa jina, mama, utajichosha bure."

Niliyafanya yote. Nilichukua fimbo ya Elius, nikawa nagonga chini kila ninapomsogelea. Gunia lake niliweka barazani, uso unatazama geti. Dagaa niliwaweka mfukoni mwa sweta, akinyamaza nampa mmoja. Wiki tatu hazijaisha, Rudisha alikuwa anabweka mara mbili kwa siku, muuza maziwa anapofika na muuza maziwa anapoondoka. Hapo Paskalina akaniambia, "Mwinjilisti amehamishwa?"

Lakini katika zile wiki za kelele nilikuwa nimeona jambo. Siku za mwanzo, kabla sijajua kwamba mbwa hasikii, nilikuwa nikimkemea kwa jina, na kila nilipoita, karakana ya Danieli ilinyamaza. Nikiita mara moja, nyundo inasimama. Nikiita mara tatu, anatoka, anatazama angani kama anaangalia mvua, anarudi ndani. Mkewe alianza kunisalimia bila kuniangalia usoni. Na sasa mbwa alipotulia, sikuwa na sababu ya kuita.

Hapa ndipo nilipofanya nililofanya, na silifichi, kwa kuwa aliye juu aliliona. Asubuhi moja nilichukua lile gunia nikaligeuza. Mbwa akalala uso ukutani, haoni geti. Paka alipopita nyuma yake akashtuka, akaanza kubweka, na mimi nikatoka na kanga yangu nimejifunga vizuri, nikasimama karibu na mabanzi.

"Rudisha! Rudisha! Mpaka lini, Rudisha? Umri huu huoni haya? Rudisha!"

Kisha nikagonga fimbo chini, mara moja tu, mbwa akanyamaza. Nikampa dagaa wawili.

Nilifanya hivyo kila asubuhi Danieli anapofungua karakana, na kila jioni anapoifunga. Siku nyingine mbwa hakubweka kabisa, nikaita hivyo hivyo. Jumapili aliposimama mbele ya kwaya, nilikaa benchi la pili, namtazama shingo, na sauti yake ikakwama kwenye ubeti anaoujua tangu utoto. Mwezi wa saba akaanza kutokea mlango wa nyuma. Mwezi wa nane akagongomea kipande cha bati sehemu ya chini ya mlango wa mbele. Mkewe akanieleza bila kuulizwa, "Ni kwa sababu ya mvua."

"Mvua ya mwezi wa nane, Mama Janeth?"

Akaenda zake. Njombe nzima ilikuwa vumbi.

Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote tangu nifiwe. Niliomba msamaha, ndiyo. Nilimwombea msamaha yule mbwa, kwa kumgeuzia gunia na kumshtua katika uzee wake. Kuhusu Danieli sikuomba chochote. Nilimwambia Mungu, hilo tutalizungumza baadaye.

Danieli naye hakulala. Alikwenda kwa Bwana Shedrack kumwuliza kama kuna sheria ya kumwondoa mbwa msumbufu mtaani. Na Bwana Shedrack, kwa wema wake, akamjibu, "Mvumilie mama wa watu. Mbwa mwenyewe kiziwi, hasikii hata radi. Nilishamwambia mama asijisumbue kumwita."

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Nilichokiona siku ile ni Danieli akirudi nyumbani kwa kupitia mbele, kifua kimeinuka, akapita kwenye mabanzi yangu akaniambia, "Kamwene, Mama Ida!" kwa furaha, kama mtu aliyepata kiwanja. Nikajua kuna jambo.

Jumatano iliyofuata ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya, saa kumi alasiri. Nilikuwa nimechemsha viazi na chai. Watu walikuwa kama kumi na watano, na kati yao Mzee Lenard, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, anayesema kidogo na kusikia kingi. Nikashangaa kumwona na Paskalina anaingia.

"Umebatizwa upya?" nikamwuliza.

"Nimeitwa shahidi," akasema, akakaa karibu na viazi. "Baba Janeth kanialika. Ana kesi."

Tulisali, tukaimba. Kuimbisha aliimbisha Danieli, na siku hiyo sauti haikukwama. Tulipofika kwenye mambo ya jumuiya, akasimama.

"Mzee Lenard, na wapendwa. Mimi ni mtu wa amani. Lakini kwa miezi mitano jirani yangu huyu ananitukana asubuhi na jioni, na anamtumia mnyama."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika birika. Nikaendelea kumimina.

"Anakutukana vipi?" akauliza Mzee Lenard.

"Anajifanya anamwita mbwa. Na mimi leo nitawaonyesha kwamba hamwiti mbwa."

Akatoka nje, akarudi na debe tupu na nyundo. Alikuwa amevificha chini ya dirisha langu. Rudisha alikuwa amelala pale kizingitini, pua ndani, mwili nje, kwani jua la jioni lilikuwa linamfikia mgongoni. Danieli akamruka, akasimama ndani karibu na kichwa chake, akaliinua debe juu akaanza kulipiga kwa nyundo. Akina mama wakaziba masikio. Kikombe kimoja kikamwagika. Mbwa alikuwa anakoroma.

"Mnaona?" Akalitupa debe kwenye kiti, akainama, akamfokea mbwa usoni. "Rudisha! Rudisha! Wewe, Rudisha! Rudishaaa!"

Alifoka mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nilikuwa nimelisubiri neno lile kutoka kinywani mwake kwa miaka mitatu, na sasa alikuwa analitoa kwa wingi, bila kuombwa. Mbwa akajilamba pua, akaendelea kulala.

"Ni kiziwi!" Danieli akasema, jasho linamtoka, anatuzungushia macho. "Bwana mifugo kamwambia tangu mwezi wa tano. Anajua! Basi niambieni ninyi, mwanamke huyu kila siku amesimama pale kwenye mabanzi anapiga kelele, rudisha, rudisha. Anamwambia nani arudishe? Mbwa hasikii. Ananiambia mimi!"

Akakaa chini. Alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda, akachukua kiazi.

Kweli tupu ilikuwa imesemwa. Wote waliniangalia, na mimi sikuwa na la kukanusha. Nikajisemea, Esnath, leo umekamatwa, watakutenga na meza ya Bwana, na ni stahili yako. Nikaliweka birika chini.

Mzee Lenard alikuwa anakuna kidevu.

"Arudishe nini, Baba Janeth?"

"Nani?"

"Wewe. Unasema anakuambia urudishe. Urudishe nini?"

"Si hizo mbao zake," akasema Danieli, na kiazi bado kiko mdomoni.

Nilisikia chai ikidondoka kutoka mezani, tone moja moja. Nadhani hata yeye aliisikia. Taya lake likasimama.

"Mbao zipi?" akauliza Mzee Lenard.

Danieli akameza. Kiazi kilishuka kwa shida, tulikiona kikishuka.

Paskalina, Mungu ambariki na rozari yake, alikuwa jirani yetu tangu Elius yupo, na kwenye msiba alipika kwa siku nne. Akasema polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, "Lakini, Baba Janeth, si ulituambia zote ziliingia kwenye jeneza? Si ulisema marehemu alikuwa mrefu?"

Sijui nani alianza kutazama ukutani. Mmoja alitazama, kisha wengine, kisha wote. Pale juu ya kabati kuna picha yetu ya harusi. Mimi nimesimama na shela, na Elius amesimama pembeni yangu, amevaa suti, amejinyoosha kwa nguvu zake zote, na kofia yake bado inanifikia kwenye sikio.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mama Janeth alikuwa ameinamisha uso, analikunja pindo la kanga yake, analikunjua, analikunja. Mzee Lenard akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tukimaliza chai, nadhani tutapita wote kwa Baba Janeth, tukauangalie ule mlango. Kuna bati pale chini nimekuwa nikilishangaa."

Danieli akanitazama mimi. Nilifikiri nitaona furaha moyoni mwangu, nami niliiona, kubwa, inawaka. Na nilimtazama nayo bila kuificha. Nikachukua fimbo ya Elius iliyoegemea kiti, nikagonga sakafu mara moja.

Rudisha akafungua macho. Akainuka taratibu, mguu wa nyuma kwanza, akasogea kando, akaacha mlango wazi.

Danieli akakiweka kipande cha kiazi mezani, akachukua kofia yake, akaliacha debe na nyundo pale kwenye kiti, akatoka.